Kupanda Kipevu Bila Kukaa

Jumatatu, 6 Septemba 1948

Jibu limekuja. Dada yangu Dhahabu, niliyemtuma tangu Ijumaa amuulize Mwanatatu kama atakubali nimpose, amerudi nalo leo adhuhuri. Akavua buibui, akanywa maji vikombe viwili, akaomba kahawa, ndipo akakumbuka kwamba na mimi nina roho.

Mwanatatu hakukataa. Niandike tena nipate kulisoma: hakukataa. Amesema mimi ni mtu mwema, nina kazi ya heshima (karani wa mizani katika ghala la mbata za nazi hapa Magongo, mwaka wa kumi na tisa sasa), na tangu nifiwe na mke wangu sijasikiwa kisa. Lakini. Dada yangu alipofika kwenye lakini akaomba kahawa ya pili.

Lakini yenyewe ni hii. Marehemu mumewe Mwanatatu alikuwa hamali, mwanamume wa kifua. Miaka mitatu iliyopita, akipanda kilima cha Kipevu, alimwambia mwenziwe kwamba anakaa kidogo apumzike. Akakaa kando ya njia. Hakuinuka tena. Mwanatatu amekaa eda, amelia, amemaliza. Sasa kutwa yuko mlangoni pake akikaanga mahamri, na kila akiinua macho aniona mimi nimekaa. Nikitoka msikitini, nimekaa kwenye kizingiti cha duka. Nikitoka dukani, nimekaa kwenye gogo. Kati ya msikiti na mizani ni hatua mia tatu, na amenihesabu nikikaa mara tatu.

Amemwambia Dhahabu: kakako sitaki mali yake wala sura yake, nataka pumzi zake. (Hapo kwenye sura dada yangu angeweza kuparuka.)

Sharti. Jumamosi ya tarehe 25 ni siku ya michezo hapa Changamwe. Kutakuwa na mbio za wanaume waliovuka arubaini, kutoka ufukweni Kipevu, kupanda kilima, hadi uwanja wa Magongo. Maili tatu. Nikifika uwanjani kwa miguu yangu, bila ya kukaa njiani hata mara moja, wazee wangu wapeleke posa kwa ami yake, Mzee Tsuma. Nikikaa, tubaki kuuziana mahamri.

Nina miaka arubaini na sita. Mara yangu ya mwisho kukimbia ilikuwa kwa sababu ya nyuki. Nyuki wale walinipata.

Hata hivyo moyo mkunjufu. Kufika tu ni kwa watu wa kawaida. Nitashinda. Siku kumi na tisa ni nyingi. Mtu huweza kusimamisha nyumba kwa siku hizo, udongo ukiwa tayari.

Jumanne, 7 Septemba

Mazoezi ya kwanza. Niliamua kuanza na maili zote tatu, kwa kasi yangu yote, ili miguu ijue mapema bwana wao ni nani.

Baada ya sala ya alfajiri nikapandisha kanzu kiunoni, nikatoka shoti. Hatua arubaini hivi, nikasikia vishindo nyuma yangu. Watu watatu, mbio, wananifuata. Nikaongeza. Wakaongeza. Walinikamata penye kisima, wakaniuliza kwa upole ni nani aliyefariki.

Nikawaambia hakuna. Hawakusadiki. Hapa kwetu mtu mzima hakimbii ila kwa msiba au moto, na moshi hawauoni. Mmoja wao akanishika bega akasema, haya, ukiwa tayari utatwambia. Nilipofika dukani wanawake wawili walikuwa wameshajifunga kanga za kilio, wauliza mikeka ipelekwe nyumba gani.

Halafu wazee. Nani atampita mtu mzima bila ya kumwamkia? Na kumwamkia mtu huku wakimbia ni kama kumtupia mfupa. Basi nilisimama. Shikamoo. Marahaba. Hujambo? Dada hajambo? Goti lake je? Na lile paa la nyuma, bado lavuja? Namaliza huyu, mlango wa pili wafunguka. Hesabu ya leo: wazee kumi na tisa, shikamoo kumi na tisa, na mbio, nikizikusanya zote, hazizidi hatua mia mbili.

Kioko alinipita mara mbili, akienda na akirudi. Huyu ni jirani yangu na mlinzi wa ghala letu, Mkamba, askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, aliyerudi kutoka vitani Bama (Burma) na kifua kama pipa. Amejiandikisha mbio zile zile. Ana arubaini na moja, jambo ambalo naliona halina haki. Yeye huwapungia wazee mkono huku akikimbia, na wazee wanamsamehe, wasema mgeni huyo, hajui.

Na alipopita kwa Mwanatatu alipewa hamri la moto. Nililiona likitoa moshi.

Jumatano, 8 Septemba

Sikushuka kitandani. Nasema kweli, sikushuka, nilianguka. Mapaja yamekuwa magogo. Dhahabu amenivisha kanzu kama anavyovishwa mtoto wa kutahiriwa.

Jioni amekuja Kioko kunijulia hali. Akakaa mkekani, akanieleza bila ya kuulizwa. Mwanzo usikimbie, tembea kwanza, miguu ipate moto. Usitoe nguvu zote siku moja. Leo maili moja, kesho pumzika, kesho kutwa maili na nusu. Kunywa maji. Kula kidogo kabla. Ukiumia, acha.

Nilimsikiliza, nikamshukuru, nikamsindikiza hadi mlangoni. Kisha nikakaa nikafikiri.

Hivi kuna mtu anayemfundisha mshindani wake njia ya kumshinda? Mimi nimepima mbata miaka kumi na tisa, namjua muuzaji anayesifu mzani wako: huyo ameweka mawe chini ya gunia. Kwa hiyo dawa ni rahisi. Lolote Kioko atakaloniambia, nitafanya kinyume chake. Amenipa siri yake yote bila ya kujua.

Nimelala nikicheka peke yangu. Kucheka kunauma mapaja.

Ijumaa, 10 Septemba

Kioko alisema kula kidogo. Basi nilimwomba Dhahabu anipikie cha kupanda kilima.

Dada yangu hapiki kwa kipimo. Mbaazi za nazi, bakuli la kunawia mikono lakini limejaa mbaazi. Mahamri manane. Mkate wa sinia uliobaki jana. Uji wa pilipili manga juu yake, wa kusukuma. Nilikula kama mtu anayepakia meli. Kisha nikatoka.

Hadi kwa muuza makaa nilikuwa salama. Kutoka hapo mbaazi zikaanza kupanda kilima kabla yangu. Kila hatua naisikia mara mbili, moja chini na moja tumboni. Mbele ya nyumba ya imamu, mahali ambapo ningependa kusiwe, nililazimika kushika mti na kuinama. Imamu alikuwa dirishani. Akauliza kama ni homa. Nikasema ni mazoezi. Akasema Mungu atayaondoa.

Sikukaa, lakini. Niliinama. Kuinama si kukaa.

Jumapili, 12 Septemba

Akili imenijia. Adui yangu si kilima, ni salamu. Basi nikimbie saa ambayo hapana wa kuamkiwa. Na saa hiyo ni saa saba mchana, watu wamekula, madirisha yamefungwa, hata mbuzi wamelala.

Kioko alisema kunywa maji. Sikunywa tone.

Njia ilikuwa nyeupe kama chokaa na tupu kabisa. Nilifurahi sana. Nilikimbia peke yangu, hakuna wa kuniuliza goti la dada, na nikafika reli. Baada ya reli nakumbuka kuona Mwanatatu wawili wakinipungia mkono, na nikijua kwamba mmoja si kweli, ila sikuweza kuchagua.

Nilizinduka juu ya mkokoteni. Mahamali wa ghala letu walinikuta nimesimama, nimekumbatia nguzo ya simu, naiamkia. Wanaapa niliiuliza nguzo hali ya wanawe. Wakanimwagia maji, wakanilaza juu ya magunia ya mbata, wakanivuta hadi ghalani, na kwa kuwa mkokoteni lazima upite mizanini kabla ya kuingia, wakanipima. Frasila tano na ratili saba. Nimeandikwa daftarini, mstari wangu peke yangu. Kesho mimi mwenyewe ndiye nitakayeutia saini ukurasa huo.

Tulipita mlangoni kwa Mwanatatu. Nilifumba macho. Dhahabu asema yule mama alisimama na kijiko cha mafuta mkononi, hamri likaungua. Asema uso wake haukuwa wa kucheka.

Hilo limenikaa. Mimi nacheza na jua, na mwenzangu anaona mkokoteni wa pili, baada ya ule uliomletea mumewe.

Nimekunywa maji mtungi mzima. Lakini ni kwa sababu ya kiu, si kwa sababu Kioko alisema.

Jumanne, 14 Septemba

Mwanatatu ameleta ujumbe kwa Dhahabu. Kakako asiendelee, amesema, sikutaka afe ili anionyeshe kwamba hafi.

Nimemjibu kwa heshima kwamba mimi niko imara kama chuma na kwamba lile la mkokoteni lilikuwa sehemu ya mpango. Dhahabu alikataa kulipeleka neno la mpango. Ameniambia: Hamdun, sema kweli mara moja katika maisha yako, uone kama utakufa.

Basi nikasema kweli. Mwambie, nikamwambia, kwamba nyumba hii ikifika magharibi haina sauti, na kwamba nimechoka kula na daftari. Mwambie nitafika.

Dada yangu alifunga buibui pole pole, akaenda. Hakuomba kahawa.

Alhamisi, 16 Septemba

Mpango mkubwa kuliko yote. Kama salamu zanichelewesha asubuhi, kwa nini nisizitoe jioni iliyotangulia? Nitawaamkia wazee wote leo, shikamoo za wiki nzima kwa mkupuo, kisha asubuhi niwapite bila ya lawama, mambo yameshakamilika.

Nimetoka baada ya alasiri. Nyumba thelathini na moja. Kila nyumba nimeeleza: shikamoo hii ni ya kesho, na hii ya Jumamosi, na hii ya Jumapili, hadi Alhamisi ijayo. Bibi mmoja kiziwi alidhani naaga, nakwenda Hija. Akalia, akanipa ujumbe wa kumwombea Makka. Mzee mmoja alizikubali zote isipokuwa ya Jumatatu, siku hiyo atakuwa kwa mwanawe Likoni, akasema haitamfaa.

Na kila nyumba kahawa. Huwezi kukataa kahawa ya mtu huku wamtolea shikamoo saba. Vikombe thelathini na moja, vidogo ni kweli, lakini vina umoja.

Sina hata chembe ya usingizi. Mazoezi ni kesho alfajiri.

Ijumaa, 17 Septemba

Sikulala kabisa. Nikatoka alfajiri macho kama ya bundi, moyo wanikimbilia mbele. Mlango wa kwanza, Bibi yule wa kuuliza goti la dada. Nikampungia mkono kama Kioko, nikapita.

Akaniita kwa jina langu na la baba yangu. Nikarudi. Akauliza tangu lini wana wa Mbwana wanapita watu kama wapitao magogo. Nikamkumbusha: jana nilikuamkia, nikakupa na ya leo. Akasema ya jana ameipokea jana. Shikamoo si maji ya mtungi, mwanangu, haiwekwi. Leo mimi nimeamka upya na nina umri wa siku moja zaidi.

Nyumba thelathini na moja, na zote zimeamka upya.

Halafu, nikigeuka kwa kasi ili nimwamkie mzee wa tatu, mguu wa kushoto ukaingia shimoni. Kifundo kimevimba kama embe dodo. Kioko alikipapasa kwa vidole vyake vya jeshini, akasema hakuna kilichovunjika, siku tano usikimbie hata kama nyumba yawaka.

Siku tano. Ameona naanza kuiva, sasa ataka nipoe. Nitakimbia kesho.

Jumamosi, 18 Septemba

Nilikimbia. Kifundo sasa ni maembe mawili.

Jumatano, 22 Septemba

Siku tatu kitandani kwa lazima, bibi mkandaji akinisugua kwa mafuta ya simsim na maneno makali. Leo nimeweza kutembea. Nilichechemea hadi kwa Mwanatatu kununua mahamri, nikajitahidi nisikae. Mkono mmoja niliuweka ukutani, kama mtu anayeutazama ukuta.

Alizungumza nami bila ya kuinua macho kutoka kwenye karai. Akaniuliza kama yauma. Nikasema kidogo. Akasema mumewe naye alisema kidogo. Kisha akanifungia mahamri sita, akaongeza la saba juu, akasema Kioko ni mtu mzuri, ana mke wake Machakos na wana watano, na kila siku ampitiapo humwomba hamri la ziada ampelekee jirani yake mgonjwa. Je, nalipata?

Nalipata. Nilidhani anayanunua yeye ili anitambie.

Nimefikiri sana juu ya Kioko leo. Ni mjanja kuliko nilivyomdhania.

Ijumaa, 24 Septemba

Kesho.

Kioko alipita akasema leo pumzika, lala mapema, na kesho vaa kile ulichozoea kukimbilia. Kwa hiyo leo nimepanda kilima cha Kipevu mara mbili ili nikizoee, na nimeazima kwa mtoto wa ami viatu vya raba, vipya, havijavaliwa na mtu. Vinabana mbele. Raba hulegea yenyewe.

Dhahabu amenitazama nikivijaribu. Ameuliza kama katika siku hizi zote nimewahi kusikia neno moja nililoambiwa na mtu. Nikamwambia nimesikia yote, ndiyo maana nayajua ya kuyaepuka.

Naogopa kidogo. Nimeandika, basi. Si kilima. Naogopa kumwona amesimama uwanjani, watu wameshafika wote, naye bado atazama njia.

Jumamosi, 25 Septemba

Nimerudi. Naandika nimelala chali, daftari kifuani.

Tulikuwa wanaume tisa pale ufukweni. Bwana wa filimbi akapuliza, nami nikatoka kama risasi. Wote nikawaacha. Kwa hatua mia moja na hamsini Changamwe nzima ilikuwa nyuma yangu, na nitasimulia hatua hizo hadi wajukuu wachoke. Kisha kilima kikaanza, nao wakanipita mmoja mmoja kwa adabu, wa mwisho akiwa fundi viatu ambaye ana pumu.

Raba hazikulegea. Zilikaza. Nusu ya kilima nilizivua nikazitia shingoni, nikaendelea pekupeku, kifundo chapiga ngoma yake.

Juu kidogo ya hapo, mlangoni pake, alikuwa amekaa Mzee Tsuma. Ami yake Mwanatatu. Mtu ambaye wazee wangu watampelekea posa. Wanane wamempita bila ya kumwamkia. Nikasema, hapa ndipo nitakapowazidi wote. Nikasimama, nikajikusanya, mkono kifuani, shikamoo ya tartibu, yenye vituo.

Mzee akanitazama. Hakuitika. Akauliza kwa utaratibu: Wewe si uko mbioni? Nikasema niko. Akasema, basi mbona wanisimamia kama karani wa kodi? Mtu aniposea binti kwa miguu, kumbe miguu yenyewe imesimama. Nikaanza kumweleza adabu. Akachukua mkongojo. Nenda, bwana, marahaba utaikuta jioni!

Nikaenda. Lakini kule kusimama kuliniharibu. Magoti yalikuwa yameshaonja. Hatua ishirini mbele, kando ya njia, pana jiwe bapa, chini ya kivuli, limekaa kama lililoandaliwa. Sijui ni pale au ni pengine alipokaa yule marehemu. Sikutaka kujua. Nilisimama mbele yake, nikaona jinsi mtu mzuri, mwenye kifua, asiye mjinga, anavyoweza kusema nakaa kidogo tu. Si uvivu. Ni jiwe lenyewe huita.

Nikasikia vishindo vyaja kutoka juu, vyateremka. Kioko. Jasho limemkauka, utepe wa mshindi bado umo shingoni. Nikajua amekuja kunicheka. Nikamwambia acheke upesi.

Akasema hakuja kucheka. Amekuja kunisindikiza. Kwenu, akasema, mgeni hasindikizwi? Mimi miaka miwili nasindikizwa na wewe hadi mlangoni kila nikija kwako, hata nikija kwa dakika moja. Leo ni zamu yangu.

Hakunishika. Alisema ukishikwa watasema umebebwa. Alitembea kando yangu tu, akihesabu. Hatua nne, vuta pumzi. Hatua nne, toa. Usikimbie. Usiangalie mwisho, angalia ule mnazi. Umefika mnazi? Haya, angalia lile duka. Nilitaka sana kufanya kinyume, wallahi, lakini kinyume cha kupumua nilikuwa nimeshakijaribu.

Wazee walikuwa milangoni. Nikafungua kinywa kumwamkia wa kwanza, sauti haikutoka. Yeye ndiye aliyeinua mkono. Na wa pili. Bibi wa kuuliza goti akasema, pita mwanangu, pita, umeshaniamkia.

Uwanjani walikuwa wanakusanya viti. Zawadi zimeshagawiwa, bendi imekwenda kunywa chai. Nilipita kwenye kamba, yaani mahali ilipokuwa kamba, kwa kuwa walikuwa wameshaikunja. Mtu wa tisa kati ya tisa, viatu shingoni.

Alikuwapo. Pembeni, na Dhahabu, buibui limevutwa hadi usoni. Nilimwendea. Nilisimama mbele yake, nikabaki nimesimama. Alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, muda mrefu, kama nitazamavyo mimi mzani hadi mshale utulie.

Umefika, akasema.

Nimefika.

Hukukaa?

Sikukaa.

Akavuta kiti kimoja kutoka kwa wale waliokuwa wakivikusanya. Akakifuta vumbi kwa ncha ya buibui, akakiweka nyuma yangu.

Basi sasa kaa, akasema.

Jumapili, 26 Septemba

Wazee wangu wamekwenda kwa Mzee Tsuma leo baada ya alasiri. Wamepokewa. Mzee amesema mambo mengi ya kunihusu ambayo hawakutaka kunirudia, lakini mwisho wake ni ndiyo. Arusi baada ya mwezi wa Mfunguo Tatu, inshallah. Dhahabu amelia, kisha ameniuliza nitamkaribishaje wifi yake chini ya paa linalovuja. Nimemwambia nitalipanda mwenyewe. Amelia tena.

Nimempelekea Kioko bakuli la mbaazi na mahamri. Tukakaa, tukazungumza. Alifurahi kwa dhati. Nikamsindikiza, naye akanisindikiza, nikamsindikiza tena, hadi mahamri yakapoa.

Jumanne, 28 Septemba

Miguu imetulia na akili imerudi. Nimekaa na daftari hili, nimelisoma tangu mwanzo kwa jicho la mwenye mizani, nipate kujua nilikosea wapi, kwa faida ya siku za usoni.

Kwanza, jambo la haki. Kioko alikimbia njia ile kupanda, akateremka nusu yake, akapanda tena. Mimi nilipanda mara moja tu, nikafika uwanjani pamoja naye. Kwa hesabu yoyote ile, yeye ndiye aliyehitaji safari mbili. Sitamwambia.

Pili, makosa. Siku ya tarehe 6, kabla sijaanza mazoezi, nilikuwa sina maumivu yoyote. Mapaja mazima, kifundo kizima, usingizi mzuri. Yote yaliyonipata yalinipata nikifanya mazoezi. Ushahidi umeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, siku kwa siku. Kosa langu lilikuwa mazoezi.

Kwa hiyo, safari hii sitafanya hata siku moja.

Kwa maana kuna habari. Mwezi ujao kuna mashindano ya baiskeli upande wa Kisauni, kutoka Mtopanga hadi daraja la Nyali, wazi kwa watu wote. Nimemwambia Mwanatatu leo mlangoni pake. Aliacha kijiko. Akasema, bwana wee, mimi nilitaka mtu afike mara moja tu, sikusema awe anafika fika. Akauliza kama najua kupanda baiskeli.

Nimemjibu kwamba nitajulia njiani. Baiskeli, tofauti na miguu, mtu huenda amekaa. Akanitazama, akacheka, mara ya kwanza namwona akicheka hadi akashika ukuta. Nimehesabu hilo kuwa ni ruhusa. Kioko amesikia, amekuja mbio kuniambia nianze polepole, kwenye uwanja ulio tambarare, na mtu wa kunishikia nyuma.

Nimemshukuru sana. Nitaanzia kilima cha Kipevu, kwa kuteremka.